Dhiraa Moja Kati ya Mota na Mizani

Inatangazwa kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye ofisi na wenye mifagio, kwamba katika kinu kimoja cha unga, siku ya Ijumaa, mbele ya mashahidi watatu na ngazi moja, fundi umeme wa miaka hamsini na sita alikataa kutia sahihi karatasi. Bendera haikushushwa. King'ora hakikulia. Lakini meneja aliacha chai yake ikapoa, na kwa wanaomjua, hilo ni janga.

Fundi mwenyewe, kinu kizima kilimwita Dhiraa, kwa sababu alipimia mkono: toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Huo ndio umbali aliouacha siku zote kati ya trei mbili. Trei, kwa asiyeijua, ni kama ngazi ya chuma iliyolazwa chini ya dari ili nyaya zipite juu yake. Ya kwanza ilibeba nyaya nene za mota. Ya pili ilibeba nyaya nyembamba, zile zinazoiambia mashine ianze, isimame, ipime.

Safari hii mtambo mpya wa kufungasha unga ulikuja na haraka zake, na meneja akaamuru trei moja tu, nyaya zote humo humo.

"Mzee Dhiraa, waya ni waya. Zote si shaba?"

"Bosi, waya wa mota ni mlevi anayeimba. Waya wa mizani ni mtu anayenong'ona. Ukiwalaza chumba kimoja utamsikia nani?"

"Nitasikia mtambo ukifanya kazi Jumatatu."

Wakandarasi wakazilaza pamoja kama samaki wa kopo. Ikaletwa karatasi ya kuthibitisha kwamba kazi imefanywa inavyopaswa. Dhiraa akaisoma, akaweka kalamu chini. Jumatatu alikuwa stoo, akitunza funguo. Kurudi kiwandani ni rahisi, aliambiwa: sahihi tu.

Mwingine angeshukuru. Stoo kuna kiti, kuna feni, hakuna ngazi. Lakini mtunza stoo haruhusiwi kuziacha funguo, hata saa ya chakula. Anakula hapo hapo, akitazamana na maboksi. Na Dhiraa hakuwa na akiba ya watu. Mkewe alifariki miaka minne nyuma. Nyumbani ni vyumba viwili na televisheni anayoiwasha asubuhi akitafuta soksi, ili kuwe na mtu anayesema. Binti yake, anayeishi mbali, hupiga simu Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Basi. Wiki imeisha.

Maneno yake mengine yote aliyapata kantini, kwenye benchi la mafundi mitambo, ambako alitukanwa kwa mapenzi. "Sogea, Dhiraa, usije ukanipima paja!" Angenuna kidogo, kwa heshima ya umri, kisha angejibana katikati yao. Hiyo ndiyo ilikuwa familia yake, dakika arobaini kwa siku.

Sasa watu walikuja kwenye kidirisha cha stoo na maneno mawili.

"Bulbu mbili."

"Za wapi? Zimeungua lini? Shemeji yangu hajambo?"

"Dhiraa, mashine imesimama. Nipe bulbu, ndugu yangu."

Wiki ya pili aligonga boksi la fyuzi kwa goti, akasema, "Samahani, dada." Akatazama huku na huku. Hapakuwa na wa kumcheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Huko kiwandani, maajabu. Kila mota kubwa ya kinu ilipowaka, mizani iliona kilo mbili za unga ambazo hazikuwapo, na mashine, kwa utii wake wote, ikashona mfuko mtupu. Walibadilisha mizani. Walilaumu panya. Aliitwa mtaalamu mwenye tai, akazima kila kitu, akawasha, akaondoka akiwa ameridhika. Fundi mitambo mmoja, bingwa wa kumtania Dhiraa, alileta mfuko mmoja kidirishani, umefura kama shavu la mpiga tarumbeta.

"Tunauza hewa, mzee wangu. Saini basi urudi. Benchi limepoa."

"Limepoa kweli?"

"Tunataniana wenyewe kwa wenyewe. Haina ladha."

Ijumaa ya tatu, katibu wa meneja alipoisukuma tena ile karatasi kidirishani, Dhiraa alifungua kalamu. Akaandika herufi ya kwanza. Mkono ulitaka kwenda kula na watu. Ndipo ng'ambo ya ukuta mota ikanguruma, na mashine ikashona: puu, puu, puu. Mifuko mitatu ya hewa. Angesaini, angeketi kantini, na kila puu ingekuwa na jina lake. Akaikata ile herufi mara mbili, akairudisha karatasi. Siku hiyo hakula.

Wiki iliyofuata duka moja lilirudisha katoni nzima ya hewa. Meneja akaja kidirishani mwenyewe, bila karatasi.

"Njoo uzitenganishe."

Mtambo ukazimwa, wafanyakazi wakapewa mapumziko ya siku mbili, na Dhiraa akapanda ngazi katika jengo tupu. Alitundika trei ya pili, akapima kwa mkono, akahamisha nyaya nyembamba moja moja. Alijisemea vichekesho vya benchi, vyote anavyovikumbuka, akijijibu. Kutwa mbili hakuna aliyemwambia hata "shika hii".

Asubuhi ya tatu mota ilinguruma. Mizani ikabaki sifuri.

Meneja akawakusanya wote kantini, akapanda juu ya kreti.

"Ndugu wafanyakazi! Historia ya kinu hiki itamkumbuka mtu aliyesimama peke yake kuutetea ukweli! Kuanzia leo, Mzee Dhiraa ni msimamizi mkuu wa umeme. Anapewa ofisi yake mwenyewe, ghorofa ya juu! Mlango wa kufunga! Chakula ataletewa mezani, na hakuna ruhusa mtu yeyote kumsumbua!"

Makofi. Mafundi mitambo walikuwa wameshabanana kwenye benchi lao, pembeni wameacha nafasi ya mtu mmoja. Meneja akamwomba mheshimiwa aseme neno.

"Mimi nilikuwa nataka kukaa pale," alisema Dhiraa.