Mkono wa Mama Nyuma ya Mgongo

Ukifungua ukurasa wa dada yangu kwenye mtandao wa tenisi utakuta mistari saba. Alianza kucheza kwa kulipwa akiwa na miaka kumi na minane. Nafasi yake ya juu kabisa duniani, kwa mchezo wa wawili wawili, ni ya tisini na nane. Vikombe vinne, vyote na mwenzake yuleyule. Mstari wa mwisho unasema alistaafu kwa jeraha la bega, na huo hunipandisha hasira kila ninapousoma, nami huusoma mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu. Bega lilikuwa bovu, sikatai. Lakini lilipasuliwa likapona, na leo anawafundisha watoto wa watu tenisi kwenye uwanja uleule wa saruji tuliokulia. Kilichomstaafisha si bega.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Raketi sijawahi kuishika ila kuitoa kitandani ili nipate pa kulala. Kwa hiyo usitegemee nikueleze ufundi wa mchezo. Nitaeleza nilichokiona, na mengi niliyaona kutoka kwenye kiti changu cha kushonea.

Mama alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka ishirini na sita, upande wa mashine za kufuma. Mle ndani hata umpigie mtu kelele sikioni hakusikii, hivyo wanawake wa zamu walikuwa na lugha yao ya mikono. Ngumi: baki hapo hapo. Kiganja wazi: hama, njoo upande huu. Kidole kidogo: uzi umekatika kule pembeni. Na ngumi yenye kidole gumba kimefichwa ndani: jifanye unachapa kazi, msimamizi anakuja. Mashine zilimla mama masikio kidogo kidogo, na alipostaafu, lugha ya kiwandani ikawa lugha ya nyumbani. Tuliitwa kula kwa mikono, tukagombezwa kwa mikono, na nakuhakikishia kwamba kiganja kinaweza kutukana.

Kiwanda kilikuwa na klabu ya wafanyakazi yenye uwanja mmoja wa tenisi, na dada alianzia hapo akiwa na miaka tisa, na raketi ya mbao ambayo mama aliifuma upya kwa uzi wa nailoni aliouomba kazini. Hapo ndipo alipompata Pacha. Hawakuwa ndugu wala hawakufanana, ila walikuwa hawaachani, mpaka watu wakawabandika jina hilo wote wawili. Kwa dada lilibanduka, kwa mwenzake likabaki. Pacha alikuwa anakaa na shangazi yake, na kila likizo alihamia kwetu na mkoba wake. Mama akawa anamwita "mwanangu wa pili." Mimi niliyezaliwa wa pili nikasogezwa namba bila kuulizwa.

Sasa, kwenye mchezo wa wawili, mmoja anasimama nyuma kuanzisha mpira, na mwenzake anasimama karibu na wavu, uso kwa wapinzani. Huyu wa mbele huficha mkono nyuma ya mgongo na kumwonyesha mwenzake atakachofanya: atabaki, atahama, au atajifanya anahama kisha arudi. Wachezaji wengi wana ishara tatu nne hivi. Dada na Pacha walikuwa na kumi na moja, zote za mama. Mama alimkalisha Pacha jikoni likizo baada ya likizo kumfundisha. Ile ya kidole gumba ndiyo iliyomtoa jasho. Ilimchukua mwaka mzima, kwa sababu kila mara kidole kilichungulia nje, na kiwandani kidole kikichungulia maana yake ni "nishikie mashine, nimebanwa na haja." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni.

Pointi ya kwanza ya dada duniani aliipata akiwa na miaka kumi na minane. Pointi moja tu! Ilimweka nafasi ya elfu moja mia mbili na kitu, na mama aliichapisha ile orodha ya majina, kurasa zote, akaibandika ukutani sebuleni, na jina la dada likaangukia nyuma ya kabati. Mgeni akija, lilisogezwa kabati. Akiwa na ishirini na miwili walichukua kikombe cha kwanza na Pacha, kidogo kama kikombe cha chai, na mpaka leo nahifadhia vifungo humo. Akiwa na ishirini na saba aliingia mia bora. Siku hiyo alipiga simu akawa analia tu, nami nikamgombeza kwa kunimalizia muda bure huku nami nalia.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Yale mashindano manne makubwa, ambayo kila mtu anayajua hata asiyejua tenisi, hakuwahi kuyacheza hata mara moja. Alifika mlangoni mara tatu akakosa kwa nafasi chache. Akafikisha miaka thelathini na moja, bega likaanza kumsumbua, daktari akasema msimu ukiisha lazima lipasuliwe na hakuna wa kuapa litarudi kama zamani. Ikabaki wiki moja. Wakifika nusu fainali kwenye mashindano ya wiki hiyo, dada na Pacha wangeingia moja kwa moja. Wasipofika, basi tena.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya wiki hiyo, Pacha alikuja nyumbani peke yake. Dada alikuwa kliniki na bega lake. Pacha alimletea mama shali, akamkumbatia, akakaa kwenye kile kiti chake cha tangu utotoni.

"Mama, naomba unionyeshe tena zile ishara zote," alimwambia, huku akipangusa kioo cha simu. "Nataka nizirekodi. Tukizeeka tusije tukazisahau."

Mama alifurahi kama bibi harusi. Akavua pete, akakunja mkono wa gauni, akageuza mgongo.

"Nishikie simu, mdogo wangu," Pacha akaniambia. "Usimwambie dada, nataka nimshtukize."

Nikaishika. Mama akatoa ishara zote kumi na moja, polepole, mara mbili mbili, na ile ya kidole gumba akairudia mara tatu kwa sababu, alisema, hiyo ndiyo inayowashinda watu.

Asubuhi ya kujiandikisha ilikuwa hivi. Kwenye mashindano ya ngazi ile kunawekwa meza yenye karatasi, na saa nne kamili inafungwa. Jozi ikitaka kucheza, mmoja akienda kusaini anakuwa amewasainia wote wawili. Kwa miaka saba aliyesaini ni Pacha, kwa sababu saa hizo dada huwa kitandani kwa mtaalamu wa viungo akikandwa. Dada hakuwahi hata kuiona hiyo meza. Siku hiyo Pacha alimwambia kama kawaida, "Wewe nenda kakandwe, mimi nasaini." Saa nne na robo dada akatoka na barafu begani, akaenda kuangalia ratiba ukutani ajue wanacheza na nani.

Alinipigia simu hapo hapo.

"Sijaandikwa," alisema.

"Hujaandikwa vipi? Pacha yuko wapi?"

"Pacha ameandikwa."

Ameandikwa na mwingine, mchezaji wa nchi nyingine aliye juu zaidi kwenye orodha. Jina lake sina haja nalo, namwita Mrefu. Dada alimkuta Pacha chumba cha kulia, sahani mbele yake, anakula vizuri tu. Pacha akasema jambo lenyewe limetokea ghafla. Mwenza wa Mrefu ameumia asubuhi hiyo, kocha wa Mrefu amemkamata pale mezani zikiwa zimebaki dakika tano. "Na bega lako lile," akamwambia, "ningefanyaje?"

"Alitishika," dada akaniambia kwenye simu. "Alibanwa, dakika tano zenyewe. Ameniomba msamaha."

"Dakika tano hata yai haliivi!"

"Usianze. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe jioni."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi siku hiyo. Miaka ishirini na miwili ya urafiki, na alichokuwa anatafuta ni namna ya kumsamehe mtu kabla barafu haijayeyuka.

Mechi ilikuwa saa tisa alasiri. Mama alijua saa, alijua na uwanja, dada alishamwambia tangu juzi wawili wawili wataanzia uwanja gani na saa ngapi. Akaja na kiti chake karibu na cherehani, akanipa ishara ya "washa." Ningefanyaje? Nikaiegemeza simu kwenye kopo la mkasi, nikawasha mechi mtandaoni. Nikiri pia kwamba nilitaka kumwona Pacha akipigwa.

Macho ya mama yana ukungu siku hizi. Kwenye kioo kidogo kama kile, watu wanne waliovaa nyeupe ni madoa manne. Kamera ilikuwa nyuma ya uwanja, juu kidogo. Pacha akasimama nyuma kuanzisha mpira, na Mrefu akasimama mbele kwenye wavu, mgongo kwetu. Akapeleka mkono nyuma, na kamera ikausogelea mpaka ukajaa kioo.

Kidole kidogo. Pacha akapiga pembeni.

Kiganja. Mrefu akahama, Pacha akaziba nyuma.

Mama akanipiga goti. "Mkono wangu huo," alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiosikia. "Umeuona?"

Nimeuona. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya mshono nami nimeshikilia kitambaa tu. Mrefu akaficha ngumi nyuma, kidole gumba ndani, kimekaa sawasawa, hakichungulii. Akajifanya anahama, akarudi, wapinzani wakaupiga mpira moja kwa moja kwenye raketi yake. Pacha hakushtuka hata kidogo. Yeye mwenyewe alihitaji mwaka mzima kwa ishara ile, na huyu anaitoa kama aliyezaliwa kiwandani. Ishara kumi na moja hazifundishiki mezani zikiwa zimebaki dakika tano. Walikuwa wamefanya mazoezi wiki na wiki, huku Pacha akimfunga dada yangu bandeji ya bega kila asubuhi na kumwambia tutaingia mwaka huu, tutaingia.

Walishinda, na wiki hiyo walifika nusu fainali. Pacha aliyacheza mashindano makubwa, ukurasa wake una mstari huo.

Lakini siku hiyo, mechi ilipoisha, mama alikuwa anang'aa. Simu ikalia, ni dada, kwa video. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za jukwaa nyuma ya uwanja uleule, na nilipomwona macho tu nikajua naye ameuona mkono. Hakukuwa tena na mtu wa kumsamehe.

Mama hakumpa nafasi. Akasugua viganja viwili mbele ya kioo, ishara ya kiwandani ya zamu kwisha: kazi nzuri, nenda kapumzike. Akairudia.

"Mama, sikuwa mimi," dada akasema.

Mama hakusikia, macho yake yalikuwa kwenye viganja vyake. Akasugua tena viganja.

Dada akajigusa kifua, akatikisa kidole.

"Wewe," mama akasema. "Sura sikuiona, ila mkono niliuona. Mkono ulikuwa wetu."

Dada akajigusa tena kifua, akatikisa tena kidole, polepole, mpaka mama akashusha mikono yake. Kisha mama akatoa ishara ambayo nilikuwa sijaiona tangu utoto, ambayo wanawake wa zamu walipeana wakikuta uzi umechezewa: nani amegusa mashine yangu?

Dada akasema jina la Pacha, bila sauti, midomo tu. Mama midomo anaisoma vizuri, uso ukijaza kioo hivyo.

Alikaa akiutazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti. Akaugeuza, akaficha kidole gumba ndani ya ngumi, akakitoa. Kisha akanitazama mimi.

"Ile video," alisema.

"Video gani?" dada akauliza kwenye simu. "Mdogo wangu, video gani?"

Nikaweka kitambaa chini, nikamweleza dada yangu kwamba ilirekodiwa hapa hapa nyumbani, na kwamba aliyeishika simu ni mimi.