Leso Iliyobaki Moja

Mwalimu wa kupima watoto alipanga kadi mezani: kikombe, kiatu, paka. Akamwomba binti yangu wa miaka mitano, mwenye usonji, aweke kadi ya kikombe juu ya kadi inayofanana nayo. Binti yangu akaitazama feni. Mwalimu akaandika kitu, nami roho ikaniwaka. Nani ana haja na kikombe cha karatasi? Lakini nafasi ya darasa ilitegemea meza ile, kwa hiyo nikaomba turudi kesho yake na leso za nyumbani, kanga zetu za pea.

Leso ndizo zilizokuwa mchezo wake na marehemu mamangu, kwetu Mji wa Kale. Kila nilipoanua nguo, mtoto aliinua leso moja mbele ya uso wake. Bibi yake alitafuta pea yake, akaiinua naye, kisha wakachunguliana. Mtoto wangu hasemi, lakini hapo alikuwa akicheka.

Kesho yake nikazimwaga mezani. Akazipanga mbili mbili bila kuhimizwa, upesi kuliko mimi. Mwalimu akatabasamu, nami nikajiona nimeshinda kesi. Ikabaki moja, nyekundu yenye mapambo ya korosho. Mwalimu akachomoa leso kutoka pea nyingine nyekundu, akamsogezea. Mtoto akaisukuma.

"Hapa amekosea, mama," mwalimu akasema. "Hizi ni sawa."

"Si sawa, mwalimu. Hebu soma majina."

Rangi ni ile ile, korosho ni zile zile, ila majina, yale maandishi ya pindoni, yalikuwa mbalimbali. Mwalimu ni mtu wa bara, sikumlaumu.

"Basi, pea yake iko wapi?"

Nikaanza kuzikunja zile nyingine; jibu halikuwa la masikio ya mtoto. Pea yake ndiyo iliyomstiri mamangu alipokuwa akioshwa kabla ya kuzikwa, kisha nikampa mwoshaji, kama ilivyo desturi.

Binti yangu akashuka kitini, akauelekea mlango, akainua ile leso mbele ya uso wake, akangoja. Mwalimu akaandika kwamba kumbukumbu yake ni nzuri, na nafasi tukapata. Miaka yote nilikuwa nikiomba mtu aone kwamba mwanangu anakumbuka. Siku ile iliniuma kwamba anakumbuka.

Nikaichukua ile nyekundu nyingine, nikasimama mbele yake, nikaiinua. Akachungulia. Akaona ni mimi, akajifunika tena, akangoja.