Mfuko wa Maharagwe

Kaka yangu ni fundi mwashi, na kazini wanamwita Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hapindi: ukuta wake hausogei, na yeye mwenyewe hasogei. Alipoazimia kumpikia binti yake maharagwe, nilijua hatutapumua.

Binti alikuwa na miaka minane. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na mama yetu, huku baba yake akihangaika ugenini kutafuta riziki. Mama naye alipotutoka, mtoto akaletwa huku ugenini tuliko mimi na kaka, na mkoba mmoja na mfuko wa maharagwe aliyoyachuma na bibi yake msimu wa mwisho. Mtoto hakumzoea baba yake. Alimwita "wewe" tu, si "Baba". Chakula alikidonoa, na mashavu yalikuwa yameanza kumwishia.

"Nikimpikia haya kama alivyopika Mama, atakula," kaka aliniambia.

"Kaka, huku maharagwe hayaivi. Mimi nimehangaika nayo miaka tisa. Nunua ya kopo, upumzike."

"Ya kopo yana ladha ya kopo."

Akaloweka, akachemsha toka asubuhi mpaka alasiri. Yakatoka kama kokoto. Jumapili iliyofuata akarudia. Maganda yakapasuka na ndani bado magumu. Mtoto akauchukua mfuko na yale yaliyobaki, akauficha chini ya mto wake.

"Wewe utayamaliza," alimwambia baba yake.

Kaka akageukia sinki. Nilimwona akisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Mtu mwingine angenyoosha mikono. Timazi akanunua maharagwe makavu ya dukani, akaanza kujifunzia hayo. Kila Jumapili nilishuka ngazi kutoka kwangu nikakuta madirisha yametoka jasho, naye kasimama mbele ya jiko la umeme utadhani kaajiriwa kulilinda. Alibadilisha sufuria, akabadilisha moto, akabadilisha duka. Mimi nilimcheka, na nakiri nilimcheka kwa sababu nilishashindwa zamani.

Jumapili ya sita nilimkuta kainamia birika, anakwangua kwa kucha ukoko mweupe ulioganda ndani.

"Dada, hii nini?"

"Uchafu wa maji. Mabirika yote ya huku yako hivyo."

Akaugusisha ulimini, kisha akaangua kicheko. "Miaka ishirini nashika kitu hiki kila siku! Hii ni chokaa, dada. Tunapikia maji ya chokaa, halafu tunategemea maharagwe yalainike?"

Akachemsha maji matupu, akayaacha yapoe na kutulia, akayachuja kwa kitambaa safi. Kwa maji hayo akaloweka maharagwe ya dukani, na kesho yake alipotoka kazini, kwa maji kama hayo akapika. Ndani ya saa mbili tu, nyumba nzima ikanukia. Nilisimama mlangoni, maana ilikuwa harufu ya jikoni kwa Mama.

Mtoto akatoka chumbani bila kuitwa. Akachukua punje moja, akaibonyeza kwa vidole viwili kama bibi yake alivyozoea kufanya. Ikapondeka. Akairamba, akarudi chumbani. Kaka akanitazama, uso umemshuka.

Mtoto akarudi ameukumbatia ule mfuko. Akauweka mezani, mbele ya baba yake.

"Bibi alikuwa anatia chumvi mwishoni, Baba."