Mwana Aliyemkatia Mamaye Bima

Kulikuwa na mwanamke kinyozi, mwenye kibanda nyuma ya soko. Kiti chake kiling'olewa kwenye gari bovu pamoja na mkanda wake, na wateja waoga walijifunga mkanda huo kila wembe ulipokaribia. Alikuwa pande la mtu, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Nyumbani aliishi na mama yake mzazi na bintiye wa miaka mitatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu hanyamazi ila akilala.

Ilipotangazwa bima ya afya ya bure kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, kinyozi alidamka kwenda kumwandikisha. Baada ya muda kadi ikaja. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Penye "mtoto" palikuwa na jina lake yeye. Penye "mzazi" palikuwa na jina la Chiriku.

Bibi alicheka akashika mbavu. "Kama huyu ndiye mama yako, basi ni mke mwenzangu! Na bwana hata hakuniambia!"

Kinyozi akarudi ofisini. Karani, mtu mpole mwenye tai fupi, akaitazama kadi, akamtazama na yeye.

"Ni kosa dogo tu, dada. Ila anayeruhusiwa kuomba marekebisho ni mzazi."

"Mzazi si ndiye mimi?"

"Kadi inasema wewe ni mtoto, na mtoto haji hapa peke yake. Mzazi wako umemwacha wapi?"

Kinyozi akavuta pumzi. "Nyumbani. Anaumwa macho."

"Masikini, mpe pole. Akipata nafuu mje naye."

Kuumwa kwenyewe hakukuwa mchezo. Macho ya Chiriku yalikuwa mekundu kama pilipili, na kila asubuhi tongo ziliyagandisha mpaka yaoshwe kwa maji ya uvuguvugu ndipo yafunguke. Kesho yake mama akambeba mgongoni hadi kliniki, kadi mkononi, liwalo na liwe.

"Mtoto apande kwenye mzani," akasema nesi, macho kwenye kompyuta.

Kinyozi akamshusha Chiriku.

"Si huyo. Wewe. Bila uzito wako, kompyuta haifungui ukurasa unaofuata."

Akavua viatu, akapanda kwenye mzani uliochorwa sungura. Mshale ukakimbia mpaka ukagota. Nesi akaangalia, akaandika, akasema, "Anakua vizuri."

Daktari alikuwa mama wa makamo aliyechoka hadi kope. Alimchunguza Chiriku, akaisoma kadi, akakuna kichwa.

"Mgonjwa ni huyu, mwenye bima ni wewe. Wewe unasumbuliwa na nini?"

"Sina ninachoumwa, daktari."

"Unacho. Unaishi na mzazi mwenye macho ya kuambukiza. Tunaruhusiwa kumtibu mzazi ili tumkinge mtoto. Au huogopi kuambukizwa?"

Kinyozi akaelewa. "Naogopa sana, daktari. Hata usingizi sipati."

Dawa ikatoka. Kuitia ndiko kulikokuwa kazi: bibi ameshika miguu, kinyozi kichwa, na majirani wakaja kuuliza nani anachinjwa. Lakini macho yalipona, yakawa meupe kama maziwa, na mzazi akaweza kwenda ofisini.

Karani akamweka Chiriku juu ya mafaili mawili ili waonane. Akarekebisha tai.

"Mzazi, shikamoo... samahani, hujambo?"

"Sijambo."

"Huyu aliyekaa hapa anasema yeye ndiye mama yako. Unakubali?"

Chiriku akamkazia macho mama yake. "Huyu anayenitia dawa? Sitaki."

Karani akashusha kalamu. "Mzazi amekataa."

"Wewe Chiriku!" kinyozi akapaza sauti.

"Tafadhali, dada, usimtishe mzazi."

Foleni nzima ikaingilia kati. Mmoja akamsihi mtoto amwonee huruma mamaye, mwingine akasema mtoto ana haki yake ya kukataa. Kinyozi akapiga magoti mbele ya bintiye. "Mwanangu, nikubali tu. Macho yameshapona, sitakutia dawa tena."

Chiriku akafikiri. "Na unibebe mpaka nyumbani."

"Nitakubeba."

"Haya. Ni mama yangu."

Karani akagonga mhuri kwa nguvu, akampa mkono Chiriku kwanza, kisha mama mtu. Kadi mpya ilikuja imenyooka, kila jina mahali pake. Siku ile kinyozi alinyoa huku akiimba, na kila mteja aliyekaa alionyeshwa kadi kabla ya kuulizwa anataka mtindo gani.