Audio Yangu Iliyotoka na Ngoma ya Uani

Aibu ninayo, sikatai, ila nasimulia mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa mji wetu huu wa Palma wataongeza chumvi mpaka kisa kisilike.

Kazi yangu ni kupamba maharusi: hina, mafusho, na juu ya yote msiro, lile gome tunalosugua kwenye jiwe kwa maji na kumpaka bi harusi usoni mpaka ngozi ilainike. Wateja nawavuta kwa audio kwenye magrupu ya simu, kwa sababu wanaoamua ni mama za maharusi, na wengi wao maandishi hawayataki (hata mimi siyapendi), lakini sauti ya mtu anayejua kazi yake wataisikiliza mpaka mwisho. Shida ikaja pale mpambaji mmoja wa Olumbi alipoanza kutia kinanda kwenye audio zake, basi kila grupu ni kumsifu yeye tu.

Wiki hiyo binti wa jirani yangu, mwalimu wa shule, alikuwa anafundwa, aolewe Jumamosi. Mimi nimo uani, ndani ya uzio wa makuti, nampaka msiro, na wanawake wanapiga ngoma na kuimba yale ya kumfunza bi harusi ambayo mwanamume hatakiwi kuyasikia hata kwa bahati mbaya. (Akina mama mnayajua. Akina baba, pisheni.) Shetani akaniambia, kinanda cha nini na ngoma hii ipo? Nikajibanza nyuma ya choo, nikabonyeza simu: "Njooni kwa Muanaisha, nyumba ya pili toka kisimani, bi harusi atatoka anang'aa!" Ngoma ikawa inanijibu kwa nyuma, nikaipenda mwenyewe, nikairusha kwenye grupu la wanawake watupu, nikijipa moyo kwamba maneno ya wimbo hayasikiki.

Yalisikika, tena mtu akaitoa nje ya grupu ikawafikia wanaume. Kesho yake asubuhi nimekwenda ofisi ya serikali kufuata karatasi yangu ya biashara, foleni imejaa, na kwenye benchi la mbele amekaa nani? Mzee Bacari, baba wa mume wangu, mtu ambaye mbele yake hata kucheka kwa meno sijawahi. Mtumishi wa pale, Senhor Anselmo, mtu wa kusini anayesema Kireno, Kiswahili chake ni salamu tu, akaniona akafurahi kwelikweli: "Dona Muanaisha! Música nzuri! Parabéns!" Yaani ananipa hongera, na hapo hapo akaifungulia audio yangu kwenye spika. Ikaanza sauti yangu, wakafuata wale wanawake, neno kwa neno, taa ikizimwa mke afanye nini. Nikasema, "Zima, senhor, desliga, nakuomba!" naye hanisikii kwa spika, anatingisha mabega kwa ngoma tu. Vijana wanajiuma midomo. Mkwe wangu akanyanyuka polepole, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akatoka bila karatasi yake. Mimi nilitaka kuingia chini ya meza.

Mchana kungwi wetu, Bi Sauda, akaniita mbele ya wanawake wote. Nikapiga magoti, maana siri ile nilipewa nami nilipofundwa, nikaimwaga kwa ajili ya tangazo.

"Harusi ya Jumamosi hupambi," akasema. "Na kujitangaza kwa simu, mwisho leo."

Ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa tangu turudi Palma kutoka ukimbizini, vita ilipotukimbiza, kuanza upya. Nikainuka. "Bibi, nyimbo si zangu, nimekosa, nihukumu. Lakini sauti ni yangu! Nikinyamaza wanangu wale nini? Na hao wanaume waliorushiana mpaka adhuhuri, mbona hakuna aliyewapigisha magoti?"

Mama mmoja akaguna, mwingine akacheka. Bi Sauda akawatazama wale wanaocheka, akasema, "Jumamosi utapamba. Lakini siku hiyo simu utaniachia mimi."

Nyumbani mume wangu ananingoja na ujumbe wa baba yake. Nikajua talaka hiyo. "Baba anasema," akaanza, hanitazami usoni, "siku hizi masikio yake mabovu. Pale ofisini hakusikia kitu."

Nililia, jamani. Mzee yule anasikia kuku akiingia shambani kwake.

Basi nimeapa, simu haiingii tena kwenye ngoma ya wanawake, hata ikiwa imezimwa. Lakini kunyamaza, thubutu! Jioni ile ile nikafunga mlango, nikarekodi: "Mimi ndiye Muanaisha, yule yule mliyemsikia. Nimekosa, nimeomba radhi, nimesamehewa. Mwenye bi harusi na aje, na asiyetaka kuja anicheke akiwa kwake."