Mama Mkubwa Alivyohama Houston

Bibi yake mume wangu aliitwa Mama Mkubwa na ukoo mzima, hata na wazee wa kanisani kwake. Kwetu Tanga jina hilo ni la dada mkubwa wa mama. Kule Houston maana yake ilikuwa huyu ndiye anayesema, wengine tunasikiliza. Alizaliwa mashambani, mashariki mwa Texas, akachuma pamba kabla hajajua kusoma, akalea wadogo zake, kisha wanawe, kisha wajukuu. Mimi alinitazama toka miguuni hadi kichwani. "Mwembamba huyu. Kaa, ule." Hiyo ndiyo ikawa karibu yangu.

Mafuriko ya 2017 yalimkuta ndani ya nyumba aliyoinunua na marehemu mumewe. Majirani walimtoa kwa boti, amekumbatia mkoba, mguu mmoja hauna kiatu. Tukamleta kwetu Garland, kaskazini mwa Texas.

"Mpaka pakauke tu," alimwambia mume wangu.

Maji yaliondoka, lakini kuta zilishika ukungu, wanawe wakabishana, mwisho nyumba ikauzwa ikabomolewa. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila asubuhi nilimkuta amevaa koti, amekaa karibu na mlango.

"Mwanangu, leo tunakwenda?"

"Mafundi bado hawajamaliza, Mama Mkubwa."

"Mafundi gani hao wasiomaliza?"

Aliuliza bila hasira, na hapo ndipo nilipoumia. Taratibu akaacha kuuliza. Akaacha na kutoa amri. Alikaa mezani kwetu kama mgeni, akishukuru kwa kila kitu. Nilitamani anigombeze.

Mwaka 2020 kifua kikambana. Gari la wagonjwa likamchukua, na kwa sababu ya korona sisi tukazuiwa mlangoni mwa hospitali. Tukabaki kupiga simu. Mchana mmoja nesi aliyepokea alisikia lafudhi yangu, akauliza kwa Kiswahili, "Dada, wewe ni wa huko nyumbani?" Alikuwa Mkenya. Akamwekea Mama Mkubwa simu sikioni. Tulisikia mashine, na pumzi inayokwama. Mume wangu akamwita, akamwita tena.

Kesho yake nesi yule akanipigia mwenyewe.

"Dada, kaa chini kwanza. Mama ametuacha. Nilikuwa nimemshika mkono."

Mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu, anangoja. Habari ya kifo cha bibi yake ilikuwa imeingia nyumbani kwa lugha asiyoijua, na kwa muda ule mimi pekee ndiye niliyekuwa nayo. Nilitafuta maneno ya Kiingereza, hayakuja. Akanisoma usoni, akaketi sakafuni.

Tulimzika Houston, watu wachache, tumesimama mbali mbali, barakoa usoni. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Kila mtu akarudi kwenye gari lake.

Tangu hapo ukoo haujakutana. Sikukuu zikikaribia mtu huandika kwenye kundi la simu kwamba safari hii tuonane. Wengine huweka dole gumba. Siku inafika, inapita.