Kandambili Chini ya Mkono wa Gia

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipouona mkono wa gia ukichomoka wenyewe, polepole, kama kitu kinachovutwa na mtu asiye na haraka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, nami nilikuwa nimerudi nyumbani Karungu na miaka miwili ya uhandisi kichwani, ambayo baadaye chuo na mimi tulikubaliana kwamba imetosha.

Dani, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, alikuwa amefariki, na mwili wake ulikuwa mochari Homa Bay. Wa kumleta nyumbani alikuwa baba mkubwa Ogola, kwa gari lake, stesheni wageni lililonizidi umri. Mkono wake wa gia ulikuwa umelegea ukachezacheza kama jino la mtoto. Kuitafuta gia ya pili ilikuwa sawa na kupapasa kiberiti gizani. Siku mbili kabla ya safari, baba mkubwa akaniambia nilipeleke gari Migori.

"Wewe ndiye injinia," akasema. "Mwambie fundi atuchongee bushi mpya. Mama hawezi kuja kwake na gari inatangatanga hivi."

Bushi ni kijipete kinachokaa chini kabisa, pale mkono unapoingia kwenye gia boksi. Kikilika, mkono hauna pa kujishikiza. Fundi alikitazama cha zamani, akakigeuzageuza, akasema atachonga kingine kwa nailoni ngumu, nikae kwenye benchi mpaka saa kumi. Mimi, nikae kwenye benchi? Miaka ile kila kijana aliyerudishwa nyumbani kutoka chuoni alikuwa na hotuba kuhusu vyama vingi, na yangu ilikuwa ikisubiriwa na watu watatu kwenye hoteli ya chai. Nikakata kipande cha soli ya kandambili yangu, nikakitoboa, nikakishindilia mahali pa bushi. Mkono ukasimama wima kama askari. Nyumbani nikamwambia baba mkubwa kwamba ile ni kazi ya fundi. Akaujaribu, akatabasamu, akaniita injinia mbele ya watu waliokuja matanga. Nikaitika.

Tuliondoka Homa Bay saa saba mchana. Jeneza lilifungwa juu ya kerea ya paa, na majani mabichi yakafungwa mbele ya gari ili watu wajue tumebeba nini. Kando ya baba mkubwa alikaa Mzee Ondiek, shemeji yake dani. Nyuma tulikaa mimi na Nyar Mfangano, mke wa kitinda mimba wa dani. Kwetu mke huitwa kwa alikozaliwa, na huyu alikuwa nyar, yaani binti, wa kisiwa cha Mfangano. Alimuuguza dani miaka miwili, akimwogesha na kumlisha. Kisha wakakosana kwa neno ambalo hakuna aliyelijua, akarudi kwao Mfangano, na dani akafa kabla hawajaonana tena. Ndani ya gari hakuna aliyelitaja jambo hilo, na wote tulikuwa tukiliwaza.

Kwenye kilima cha kwanza, kabla ya Ndhiwa, gia ikachomoka. Injini ikanguruma bure, gari likaanza kurudi nyuma, na juu yetu jeneza likagonga kerea mara moja, kama mtu anayebisha hodi. Baba mkubwa akakanyaga breki. Mzee Ondiek akashuka, akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "tunakupeleka kwako. Kama kuna aliyekuudhi, twende kwanza, tutasikizana huko."

Ndivyo ilivyo kwetu. Gari la maiti likigoma, marehemu huombwa. Lakini mimi nilijua habari ya kandambili: raba laini, joto la gia boksi, uzito wa mlima. Sentensi moja ingetosha. Nikatazama dirishani.

Kilima cha pili kilitukuta ziwa likionekana. Juu ya maji kulikuwa na nguzo ya moshi mweusi, na haukuwa moshi. Walikuwa sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka pamoja kwa maelfu. Upepo ukawaleta. Mchana ukafifia, na katikati ya kiza kile gia ikachomoka tena.

"Kuna mtu ndani ya hii gari anajua kitu," Mzee Ondiek akasema.

Nilidhani ananisema mimi. Lakini alikuwa akimtazama Nyar Mfangano.

"Mama, ulimwambia nini mama mkwe wako siku ile?"

"Hiyo ni yangu na yeye."

"Basi shuka. Amekukataa."

Sote tulijua maana yake. Mke aliyekataliwa mbele ya wazee na mama mkwe aliye jenezani, asipoutupa udongo kaburini, hana tena boma la kurudi. Watoto wake watakua wakinyooshewa vidole. Hakulia. Alivua viatu, akavishika mkononi, akanigeukia kwa kuwa nilikaa mlangoni.

"Nipishe," akasema.

Nami, msomi, nikampisha.

Tukamwacha amesimama ndani ya wadudu. Kilima kiliishia pale, na mbele yake barabara ni tambarare. Gari lilikwenda kama hatua mia, mikono yote miwili ya baba mkubwa ikiwa juu ya usukani. Mimi nilikuwa nikiutazama mkono wa gia. Ukatetemeka, ukatulia, kisha ukatoka kwenye gia bila sauti na kulala upande wa nyuma, tulikokuwa tumetoka.

Ulaini wa kandambili, mwanangu, unaeleza vilima. Hauelezi pale. Nimejaribu tangu siku hiyo, kwa miaka yangu yote miwili ya uhandisi. Gari likasimama. Sami walitua juu ya jeneza mpaka ubao mweupe ukawa mweusi. Kwenye vioo vya gari hakutua hata mmoja.

"Ni mimi," nikasema. Ningependa kukwambia ilikuwa dhamiri. Ilikuwa woga.

Baba mkubwa akageuka. "Wewe nini?"

"Bushi. Fundi hakuchonga. Niliweka kandambili."

"Kandambili ya nani?"

"Yangu."

Mzee Ondiek akafumba macho. "Tumemzungusha mama wa watu na kiatu cha bafuni," akasema.

Nilirudi kumwita Nyar Mfangano kwa miguu, nikamwambia yote huku nikitazama chini. Alitangulia kurudi kwenye gari. Alipofika alichungulia tundu la mkono wa gia, akautoa mpira uliosagika, akachana upindo wa leso yake, akaupaka grisi na kuuzungusha pale chini kwa nguvu, jinsi wanavyokaza usukani wa mashua kisiwani kwao. Mzee Ondiek akamfungulia mlango wa mbele, na mzee mwenyewe akaja kukaa nyuma na mimi. Hiyo ndiyo pole aliyoiweza. Mkono haukutikisika tena hadi nyumbani, na jioni ile Nyar Mfangano aliutupa udongo wake kaburini kama wake wengine.

Lakini wanawake wawili waliokuwa shambani walimwona akishushwa. Mpaka leo, huko Sori, mji wa karibu na kwetu, wapo wanaosimulia habari ya mke aliyekataliwa na maiti. Habari ya kandambili haikusafiri. Ni mimi ninayezunguka nayo, nikiifikisha ninapoweza, na huchelewa kila mahali.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiharibu kazi, sema siku ileile, kosa likiwa bado la chuma na raba. Ukilinyamazia litamtafuta mtu wa kukalia, na mara nyingi litamkalia yule ambaye hana wa kumsemea. Usingoje uwe na ujasiri. Mimi nilisema nikitetemeka, na ilifaa kidogo. Na ukiambiwa ukae kwenye benchi mpaka saa kumi, kaa.

Mungu akupe ulimi mwepesi kwa makosa yako na mzito kwa ya wenzako. Wanaokutangulia wakupishe njia kwa amani, na popote unapoelekea, ufike pamoja na wote ulioondoka nao.